Viti Vinavyogeukiana

Fundi alitandika gazeti kwenye ngazi ya mlango, akaanza kupanga juu yake alichokitoa chini ya kiti: punje nne za mahindi ya kuchoma, vifuniko viwili vya bia, shanga moja ya bluu, sarafu ambayo hakuna duka la Bujumbura litakaloipokea, na mchanga wa ziwani wa kujaza kikombe cha kahawa. Alivipanga kimoja kimoja, kama akina mama wanavyoanika ndagala ufukweni, bila haraka. Kisha akafuta kiganja kwenye suruali, akashika mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa kiti, akavuta. Mkono ukasogea. Kiti hakikutikisika.

“Mwalimu, hiki hakijavunjika,” akamwambia jirani yangu. “Mmekiacha kikalala.”

“Kimelala tangu lini?”

“Hilo mtaniambia ninyi.”

Mwalimu, ambaye amestaafu lakini jina la kazi limembakia, akanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyekuwa zamu. Nakaa Kinindo, nyumba ya tatu kutoka kwake, na gari lile nimelipanda kwenda harusini, kwenda msibani, na mara moja hadi Rumonge kula samaki. Sikuwahi kujua kwamba viti vyake vya safu ya pili vinageuka. Kazi yangu ni kuhakiki mashairi, kazi inayomfanya mtu ajiamini kupita kiasi kwamba umbo likikaa mbele ya macho yake ataliona. Hili nililikalia miaka na sikuliona.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace Super Custom, la kizazi ambacho Wajapani wanakiita 100, kilichoanza mwaka 1989 na kuendelea kutengenezwa hadi 2004. Injini yake ni ile ya mazutu ya lita 3, 1KZ, ambayo mafundi wa mtaa wa Buyenzi huitambua kwa sikio kabla gari halijakata kona. Hiace za abiria zinazopita barabara kubwa kuelekea mjini ni ndugu zake wa kufanya kazi: bati tupu, viti vilivyobanana, na kile kiti cha kukunja kinachoziba njia hadi aliye nyuma akitaka kushuka, nusu ya gari ishuke naye. Super Custom ilizaliwa kwa ajili ya familia. Ina pazia madirishani. Ina viti vya kitambaa kizito chenye manyoya mafupi. Na hili la Mwalimu lilipitia kwa mtu huko Japani aliyeligeuza nyumba ndogo ya safari: ubao wa kulalia nyuma, ndoano za kutundikia taa, na karibu na mlango kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na mchoro wa kiti uliozungukwa na mshale uliopinda. Kila mtu aliyepanda gari lile amekiona kibandiko hicho. Sote tulidhani ni nembo.

Lilishukia bandari ya Dar es Salaam, kama yanavyoshukia huko magari mengi ya Burundi, likapanda nchi kavu hadi hapa na usukani wake wa kulia, kwenye nchi inayoendesha upande wa kulia. Hapo ndipo umbo lilipoanza kupata shida. Mlango wa abiria wa kuteleza uko kushoto. Japani, kushoto ni ukingo wa barabara, penye majani na mtaro. Mtoto akiruka anaangukia mahali salama. Bujumbura, kushoto ni katikati ya barabara. Mtu anayeshuka kwa Mwalimu anashukia mbele ya magari yanayopita. Kila kilichomo ndani ya gari kilichorwa kwa kuutazama mlango ule, pamoja na viti vinavyogeuka, halafu mlango ukaishia upande usiofaa. Nimewahi kusoma tafsiri za namna hiyo: maneno yote yamo, ila aya imeangalia ukuta.

Nianze na jina, maana tulibishana juu yake pale pale, fundi akiwa amelala chali chini ya kiti. Mwalimu alisema ni “kiti cha kuzunguka”. Fundi alisema ni “kiti cha kugeuza”. Ugomvi mdogo, lakini kwa mhakiki una nyama. Kinachozunguka kinajizungukia: panga la feni, sayari, mlevi. Kiti hiki hakizunguki. Huzungushwa, tena kwa masharti, na mwisho wa safari yake si popote bali ni mahali pawili tu ambapo kinashikwa na kufuli. Kwa hiyo fundi alikuwa karibu zaidi na ukweli. Ila hata “kugeuza” hakufiki, kwa sababu ukigeuza kiti kimoja katika chumba kitupu hujafanya lolote. Umepata kiti kinachotazama ukuta. Maana ya kiti hiki hutokea pale tu kinapokuwapo kiti kingine nyuma yake, na mtu juu ya hicho kingine. Kiswahili kina kiambishi cha jambo hilo: -ana. Kutazama, kutazamana. Viti hivi ni kauli ya kutendana iliyofanywa kwa chuma na sponji.

Na hapa kuna mtego unaonifurahisha. Watu waliogeukana ni watu waliosalitiana. Mmoja amemgeuka mwenzake na mwenzake amemgeuka yeye. Watu waliogeukiana wameelekezana nyuso. Kati ya balaa na mazungumzo ipo irabu moja, ile “i” ya kauli ya kutendea, inayosema kwamba kugeuka kwangu kumekuelekea wewe. Mhandisi wa Toyota hakujua Kiswahili, lakini irabu ile aliiweka: ni kufuli inayokikamata kiti pale pale kinapofika usoni kwa mwenzake, wala hakiendi zaidi.

Sasa sintaksia. Kiti hiki hakikubali kugeuzwa ovyo. Kwanza uegemeo usimame wima. Ukiwa umelala, utagonga ukuta wa gari. Pili kiti kisogezwe kwenye reli zake hadi mahali penye nafasi, kwa sababu pembe za kiti huchora duara pana kuliko kiti chenyewe. Tatu ndipo mkono wa chuma uvutwe. Nne kizungushwe nusu duara. Tano, lile ambalo watu hulisahau, kisukumwe na kuvutwa kidogo hadi kufuli iingie. Ukivuruga mpangilio, kiti kinagoma, na anayeshindana nacho akiwa na nguvu za kutosha huvunja kitu. Fundi anasema viti vingi vya namna hii anavyoletewa vimeuawa na wanaume wawili wenye afya nzuri: mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na reli haijafika mahali pake. Ni kama sentensi ya Kiswahili ambayo kiambishi cha nafsi kimewekwa baada ya mzizi. Nguvu haiisaidii.

Wajerumani wamelitatua tatizo hilo la nafasi ya kugeuzia kwa namna yao. Kwenye magari ya kulala ya Volkswagen, yale ya kizazi cha T3 kilichoanza 1979 na kufanyiwa matengenezo ya ndani na kampuni ya Westfalia, viti vya mbele ndivyo vinavyogeuka, dereva na jirani yake, ili vitazame chumba cha nyuma gari likishasimama. Nafasi pale ni finyu: mlango huku, breki ya mkono kule. Siku hizi mafundi wa Ulaya wanaoweka viti vya kugeuka kwenye magari ya namna hiyo huwa wanauziwa sahani mbili za chuma zilizolaliana, zenye mhimili kati yake, na mara nyingi mhimili huo hauko katikati. Umesogezwa pembeni kwa makusudi, ili kiti kikizunguka kijitoe mlangoni chenyewe na kuingia ndani. Mtu akikitazama kwa haraka hudhani fundi alikosea kipimo. Nimeupenda sana mhimili huo uliokosea kwa hesabu. Bei yake ni kwamba sahani mbili zina unene, kiti hupanda juu kwa sentimita kadhaa, na mtu mfupi hubaki miguu ikining'inia kama mtoto kwenye benchi la kanisa.

Rudi Kinindo. Fundi alikuwa amelegeza boloni nne zinazokishika kiti sakafuni, na kabla hajazitia mfukoni akanionyesha kichwa cha moja. Hapa watu wa Buyenzi husema “kle” pale ambapo fundi wa Dar es Salaam angesema “spana”, na Kifaransa chao cha gereji kimekaa ndani ya Kiswahili chao kama mpangaji wa zamani asiyelipa kodi. Juu ya kichwa cha boloni palikuwa na maandishi madogo: 8.8. Nilimwuliza maana. Akasema, “Hiyo ndiyo ngumu. Isiyoandikwa kitu usiiweke kwenye kiti.” Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa amefupisha kwa usahihi kabisa. Namba ya kwanza, ukiizidisha mara 100, ni nguvu ya kuvutwa ambayo chuma hicho huhimili kabla ya kukatika, kwa niutoni kwenye kila milimita ya mraba. Namba ya pili husema ni sehemu gani ya nguvu hiyo boloni itavumilia kabla ya kuanza kunyooka na kutorudi: sehemu 8 za 10. Yaani 800, na 640. Hayo ndiyo maandishi pekee kwenye kiti kizima, na yamefichwa mahali ambapo msomaji wake ni fundi peke yake, tena akiwa amelala chali. Sijui shairi lililoficha sharti lake vizuri hivyo.

Boloni tatu kati ya nne zilikuwa na 8.8. Ya nne ilikuwa laini, haina alama, kichwa kimeliwa na kle isiyokifaa. Mtu fulani, gereji fulani, mwaka fulani, alipoteza moja akaweka yoyote. Mwalimu hakukumbuka. Fundi hakusema kitu. Aliitupa kwenye gazeti, kati ya mahindi na shanga.

Chini ya boloni ndipo tulipoona kisa chenyewe. Sahani ya juu na sahani ya chini zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Ziwa Tanganyika si bahari. Maji yake hayali bati kama upepo wa Mombasa unavyokula, na gari la Bujumbura likitunzwa huzeeka kwa heshima. Lakini 2024 ziwa lilipanda likaingia mitaa ya chini, Kibenga na kwetu pia, na gari la Mwalimu likasimama siku kadhaa maji yakiwa yamegusa ngazi ya mlango. Maji yalipoondoka, zulia la sakafuni likabaki na unyevu ambao hakuna aliyeufikiria, kwa sababu juu palionekana pakavu. Zulia lililolowa, mchanga mwembamba, na kiti kisichogeuzwa: hizo tatu zilikutana gizani na kufanya kazi yake.

Fundi aliwasha redio ndogo, akamimina mafuta ya taa kwenye bakuli la plastiki, akaziloweka sahani zote mbili, na kwa saa nzima alichofanya ni kungoja. Mara moja moja alizigonga kwa nyundo ya mbao, pembeni, si katikati. Zilipoachana zilitoa sauti kama mtu anayevua kiatu kilicholowa. Katikati palikuwa na duara la gololi. Alizihesabu, akaziosha, akazikunja kwenye kitambaa kama dawa. Mbili zilikuwa na upande uliolika, bapa kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni ila kidole kinakihisi. “Hizi ndizo zingefanya kiti kicheze,” alisema. Alitaka zote zibadilishwe, si mbili, kwa sababu mbili mpya kati ya nzee zitabeba mzigo wote peke yao. Kisha brashi ya waya, kisha msasa laini, kisha grisi. Nilitarajia grisi nyingi. Aliweka kidogo, akaipangusa, ikabaki kama jasho. Mafuta mengi, akaeleza, hukaribisha vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa msasa wenyewe. Utakuwa unasaga kiti kila unapokigeuza.

Mwalimu akauliza kama haingekuwa rahisi kuchomelea tu kiti kikae kimetazama mbele, kwisha mambo. Swali halikuwa la kijinga. Nimeambiwa Hiace na Noah nyingi zimefanyiwa hivyo, kiti kikaacha kuwa na kauli ya kutendana, kikabaki kitenzi cha nafsi moja. Fundi alikataa kwa uso kabla hajakataa kwa mdomo. Chuma cha kufuli, alisema, kimepikwa kiwandani kipate ugumu wake. Ukikichoma unakirudisha ubichi, na siku gari litakapogonga ndipo utajua. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiendelea kupangusa.

Sasa kufuli. Kiti hiki kinashikwa na vishikizo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kikifika mahali pake, cha mbele huingia kwanza, cha nyuma hufuata baada ya nukta moja: ka-tak. Fundi alikigeuza kiti mara kumi na mbili akiwa amefumba macho. Nilifikiri anachoka, kumbe anasikiliza. Mara ya kwanza tulisikia sauti moja tu, na kiti kilionekana kimefunga kabisa. Hata Mwalimu akakikalia na kutikisika kwa furaha. “Shuka,” fundi akasema. “Nusu yake haijafunga.”

Msikilizaji wa shairi la tarbia anajua jambo hilo bila kufundishwa. Mshororo wa mizani 16 una mahali pawili pa kufunga: kina cha kati baada ya mizani 8, na kina cha mwisho. Sikio husubiri vyote viwili. Kina cha kati kikiruka, mshororo bado unaeleweka, maneno yote yamo, na wasomaji wa kimya huenda wasigundue. Lakini anayeghani hupepesuka kidogo kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kwa kiti, kupepesuka huko si suala la ladha. Tatizo lilikuwa waya unaotoka kwenye mkono wa chuma kwenda kwenye kishikizo cha nyuma: ulikuwa umerefuka, ukawa unakiachia nusu. Fundi alikaza waya kwa mizunguko miwili ya nati. Ka-tak.

Nilipokuwa nikikigeuza huku na huku, nafikiri kuliko ilivyonipasa, nilikumbuka kwamba Wajapani wana viti vingine vya kugeuka, maarufu zaidi, kwenye treni zao za kasi za Shinkansen. Treni ikifika mwisho wa reli haigeuki; itarudi ilikotoka ikiwa na kichwa chake upande wa pili. Wasafishaji huingia, na katika dakika 7 wanazopewa hufuta, huokota, na hugeuza viti vyote ili safari ya kurudi kila abiria atazame mbele. Mhimili ni ule ule, nusu duara ni ile ile. Lakini kwenye treni kiti hugeuzwa ili mtu asimtazame mtu. Kila mmoja apewe kisogo cha mwenzake na mwelekeo mmoja. Kwenye Hiace kiti hicho hicho hugeuzwa ili watazamane. Kifaa kimoja kinasema maneno mawili yanayopingana, na kinachoamua ni kama gari limesimama au linakwenda.

Sisi huku tumewahi kuwa na magari ya kutazamana bila mhimili wowote. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilikuwa na “chai maharage”, magari ya abiria yenye mabenchi mawili yaliyokabiliana, magoti kwa magoti, na jina lenyewe linamweka abiria kwenye meza ya mgahawa. Zanzibar bado zipo gari za mbao zenye mabenchi kandokando ambamo kikapu cha samaki cha mtu mmoja ni habari ya watu wote. Kenya walipozindua Madaraka Express mwaka 2017, daraja la kawaida lilipangwa viti vya kukabiliana, na nusu ya abiria hufika Mombasa kinyumenyume. Wapo waliolalamika, na siwalaumu. Kuna watu wanaopata kizunguzungu, na kuna watu ambao hawataki kutazamana na mgeni kwa saa 5. Tofauti ni kwamba pale kutazamana kumelazimishwa na benchi. Kiti cha Mwalimu kinakupa hiari, na hiari ndiyo inayohitaji grisi.

Wenzangu wa pwani wangekimbilia kusema kiti hiki ni baraza iliyotiwa magurudumu. Sikubali. Baraza iko wazi kwa mpita njia. Nusu ya uhondo wake ni yule asiyehusika anayesimama, anasalimu, anaketi. Ndani ya Super Custom pazia zimevutwa. Anayetazamana na wewe ulimwalika. Umbo hili ni la sebule, tena sebule ya watu wanaojuana, na lina udhaifu wa sebule: magoti hugongana, mguu wa meza umekosekana, na mwenye nyumba hukaa mbele peke yake akiwapa wageni kisogo, kwa kuwa kiti cha dereva cha gari hili hakigeuki. Hilo ndilo kosa kubwa ninaloliona kwenye utungo wote. Wajerumani walilikwepa.

Udhaifu wa pili ni mkanda. Mkanda wa bega umefungwa kwenye nguzo ya bodi. Haukuzaliwa pamoja na kiti. Kiti kikitazama nyuma, mkanda unabaki ulipo, umening'inia begani kwa hewa. Fundi alipomaliza aliweka sharti moja tu, na alimwambia Mama, mke wa Mwalimu, si Mwalimu: “Kiti kikitazama nyuma, gari lisiondoke.” Mama akaitikia kama mtu anayekabidhiwa ufunguo.

Nilidhani sharti hilo litakifanya kiti kilale tena. Gari lililopo ni la kwenda; nani hukaa ndani ya gari lililosimama? Kinindo hatuna utamaduni wa kwenda kulala porini kwenye gari kwa starehe. Lakini miaka hii mafuta ya gari Burundi yamekuwa adimu, na gari kusimama kumekuwa jambo la kawaida kuliko kwenda. Yapo yanayolala getini wiki nzima. Yapo yanayolala kwenye foleni ya kituo, usiku na mchana, dereva akiamka asubuhi kuona kama gari la mbele limesogea. Sitakitaja kituo tulichokwenda. Mwalimu alisikia kwamba mazutu itafika, tukatoka alfajiri: yeye, Mama, mama yake Mama ambaye sote tunamwita Bibi, na mimi niliyekuja kwa udadisi.

Saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshaingia ndani. Mama aliinuka bila kusema kitu, akausimamisha uegemeo, akasogeza kiti, akavuta, akazungusha. Ka-tak. Akageuza na cha pili. Akavuta pazia za upande wa jua. Bibi akahamia kwenye kiti kilichogeuzwa, akatandaza kitenge mapajani, akaanza kumenya karanga na kutugawia mmoja mmoja. Watu wa gari la nyuma walichungulia, wakacheka, mmoja akaja kuuliza jinsi inavyofanywa. Mwalimu alimwonyesha kibandiko chenye mshale uliopinda kwa kujivuna kwa mtu ambaye amekisoma siku zote.

Foleni iliposogea mara ya kwanza tulitii sharti: tukageuza viti mbele, tukafunga, tukashuka, tukalisukuma gari kwa mikono mita nne, maana hakuna aliyetaka kuwasha injini kwa mita nne. Tukarudi, tukavigeuza tena. Mara ya pili vivyo hivyo. Kufikia adhuhuri kiti kilikuwa kinageuka kwa kidole kimoja. Mara ya saba Bibi alikataa kushuka, akakataa pia kugeuzwa. Alisema amechoka na karanga zitamwagika. Mama akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama barabara iliyonyooka, tambarare, na gari la mbele lililokwisha kusogea. Tukaenda nyuma, tukaweka mabega kwenye bati, tukasukuma. Bibi alikuwa ametuelekea, anatafuna, na kupitia kioo cha nyuma tukatazamana naye njia yote, yeye akienda kinyumenyume.